Utambuzi wa vibali vya kubeba silaha kati ya majimbo ya Marekani

Utambuzi wa vibali vya kubeba silaha ni utaratibu ambao jimbo moja la Marekani linakubali kibali cha kubeba bastola iliyofichwa kilichotolewa na jimbo jingine. Kubeba silaha iliyofichwa ni kutembea nayo bila watu wengine kuiona, kwa mfano kiunoni chini ya shati, ndani ya koti au katika mkoba.

Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina sheria zake kuhusu nani anaweza kubeba bastola hadharani, kwa masharti gani na mahali gani. Raia wa kawaida hana kibali kimoja kinachofaa nchi nzima. Kwa sababu hiyo mtu anayebeba bastola kihalali nyumbani kwake anaweza kuwa mhalifu dakika chache baadaye kwa kuvuka daraja tu. Nchini Kenya swali hilo halizuki, kwa kuwa leseni ya silaha hutolewa na bodi moja ya kitaifa na si na kaunti.

Mjadala huu ni wa bunduki, lakini ndani yake kuna swali ambalo kila shirikisho hulazimika kulijibu: msafiri afuate sheria ya alikotoka au ya alikofika?

Msingi wa kisheria

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana kama haki hiyo ni ya mtu binafsi au ya wanamgambo wa majimbo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, iliamua kwamba ni haki ya mtu binafsi. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald dhidi ya Chicago, ilisema haki hiyo inayabana pia majimbo na miji.

Hukumu hizo mbili zilihusu zaidi silaha ya kujilinda nyumbani. Suala la kuibeba nje lilifika mwaka 2022 katika kesi inayojulikana kama Bruen. Sheria ya New York ilimtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kuhitaji bastola. Kwa kura 6 dhidi ya 3 mahakama iliifuta, na majimbo mengine yenye sheria ya namna hiyo, yakiwemo California, New Jersey, Maryland, Massachusetts na Hawaii, yalilazimika kubadilisha zao. Hata hivyo mahakama haikufuta vibali vyenyewe. Jimbo bado linaweza kudai uchunguzi wa historia ya mwombaji na mafunzo, mradi linampa kibali kila anayetimiza masharti. Wala haikuamua kwamba jimbo moja lazima likubali kibali cha jimbo jingine.

Historia ya vibali

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 majimbo mengi yalikataza au kubana ubebaji wa silaha zilizofichwa. Vermont ilikuwa tofauti, kwani haijawahi kudai kibali. Mabadiliko makubwa yalianza Florida mwaka 1987, ilipopitisha sheria inayowalazimu maofisa kutoa kibali kwa kila mwombaji aliyetimiza masharti. Majimbo mengi yakafuata mfano huo. Jimbo la mwisho kuruhusu ubebaji wa silaha zilizofichwa lilikuwa Illinois mwaka 2013, baada ya mahakama ya rufaa ya shirikisho kusema kwamba katazo lake la jumla lilivunja Katiba.

Wimbi la pili lilikwenda mbali zaidi: kuondoa kabisa ulazima wa kibali. Alaska ilifanya hivyo mwaka 2003 na Arizona mwaka 2010. Baadaye zilifuata Texas mwaka 2021, Georgia mwaka 2022 na Florida mwaka 2023. Baada ya South Carolina na Louisiana kujiunga mwaka 2024, majimbo yasiyodai kibali yalifika 29. Mengi kati yake bado hutoa kibali kwa anayekitaka, na sababu moja ya kukitaka ni safari za majimbo mengine.

Jinsi majimbo yanavyotambuana

Kila jimbo huamua lenyewe, na njia ziko kadhaa. Baadhi hutambua vibali vya majimbo yote. Mengine hutambua tu vibali vya majimbo yanayotambua vya kwao, au vya majimbo ambayo masharti yake yanafanana na ya kwao. Yako pia yasiyotambua kibali chochote cha nje, kama New York, New Jersey na California. Jiji la New York halikubali hata kibali kilichotolewa sehemu nyingine ya jimbo lake lenyewe, isipokuwa kikiidhinishwa na jiji.

Orodha hizo hubadilika, na siasa huchangia. Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia, Mark Herring, alitangaza kwamba jimbo lake lingeacha kutambua vibali vya majimbo 25, kwa kuwa masharti yao yalikuwa hafifu kuliko ya Virginia. Mwezi uliofuata gavana Terry McAuliffe, wa chama kilekile cha Democratic, alifikia mapatano na wabunge wa Republican. Virginia ingetambua vibali vya majimbo yote, na kwa upande wa pili watu waliowekewa amri ya mahakama ya muda mrefu kwa ajili ya ukatili wa nyumbani wangekatazwa kuwa na silaha. Katika miezi michache tu msafiri alielezwa kwamba kibali chake hakitafaa, kisha kwamba kitafaa.

Tofauti za masharti ni kubwa. Illinois hudai saa 16 za mafunzo. New York, baada ya hukumu ya Bruen, iliweka saa 16 za darasani na saa 2 za kulenga shabaha kwa risasi. Georgia haidai mafunzo yoyote.

Sheria za shirikisho zilizopo

Bunge la Marekani limeshaingilia suala hili, lakini kwa sehemu tu. Sheria ya mwaka 1986 ya kuwalinda wenye silaha inamruhusu msafiri kupita na silaha katika jimbo lolote, iwapo anaweza kuwa nayo kihalali anakotoka na anakokwenda. Silaha lazima iwe haina risasi, na yeye asiweze kuifikia akiwa safarini, kwa mfano ikiwa kwenye buti la gari. Hiyo ni ruhusa ya kusafirisha, si ya kubeba mwilini.

Ulinzi huo una mipaka. Mwaka 2005 msafiri mmoja kutoka Utah alikosa ndege ya kuunganisha huko Newark, New Jersey. Alichukua mizigo yake, ikiwemo bastola iliyofungiwa, akalala hotelini, na asubuhi aliporudi uwanjani akakamatwa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai fidia mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua mwaka 2010 kwamba sheria ya 1986 haikumlinda, kwa kuwa usiku ule silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia.

Mwaka 2004 Rais George W. Bush alitia saini sheria inayowaruhusu polisi walio kazini na wastaafu wenye sifa kubeba silaha zilizofichwa katika majimbo yote. Wanaotaka utambuzi wa kitaifa huitumia kama mfano kwamba jambo hilo linawezekana. Wapinzani hujibu kwamba polisi wamefunzwa na kuchunguzwa kwa namna ambayo raia wengi hawajapitia.

Miswada bungeni

Jaribio la kulazimisha utambuzi nchi nzima limerudiwa mara nyingi. Mwaka 2009 pendekezo la namna hiyo lilipata kura 58 dhidi ya 39 katika Seneti, na mwaka 2013 jingine likapata 57 dhidi ya 43. Yote mawili yalikuwa na wengi, lakini yalishindwa kwa sababu zilihitajika kura 60. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada mwaka 2011 kwa kura 272 dhidi ya 154, na mwingine Desemba 2017 kwa kura 231 dhidi ya 198. Seneti haikuupitisha hata mmoja.

Muswada wa 2017 uliletwa na Richard Hudson wa North Carolina. Ulisema kwamba mwenye kitambulisho chenye picha na kibali cha jimbo lolote anaweza kubeba bastola iliyofichwa katika kila jimbo linaloruhusu wakazi wake kufanya hivyo. Uliwahusisha pia watu wa majimbo yasiyodai kibali: kwao kitambulisho kingetosha. Majimbo yangebaki na uwezo wa kukataza silaha katika mali ya serikali, na wenye mali binafsi wangeweza kuzikataza kwao.

Hoja za wanaounga mkono

Wanaounga mkono, kikiwemo chama cha wenye bunduki cha NRA, husema kwamba haki ya kikatiba haiishii mpakani. Mtu hapotezi uhuru wa kusema au wa kuabudu akitoka Pennsylvania kwenda New Jersey, basi kwa nini apoteze haki ya kujilinda?

Husema pia kwamba hali ya sasa huwanasa watu wasio na nia mbaya. Mfano unaotajwa sana ni wa mama mmoja wa Pennsylvania aliyesimamishwa na polisi New Jersey mwaka 2013. Alimwambia askari mwenyewe kwamba alikuwa na bastola na kibali cha jimbo lake. Alikamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka kadhaa. Mwaka 2015 gavana Chris Christie alimsamehe.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga, likiwemo shirika la Everytown for Gun Safety na chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi, husema kwamba sheria hiyo ingefanya masharti ya jimbo lililolegea zaidi yatawale nchi nzima. New York ingeendelea kumdai mkazi wake mafunzo, lakini isingeweza kumdai mgeni kutoka jimbo lisilodai chochote. Wapiga kura wa New York wangebaki na sheria waliyojichagulia, lakini ingewabana wao tu.

Kwa polisi iko shida ya kila siku: hakuna daftari moja la taifa la vibali vya kubeba silaha. Askari aliyesimamisha gari usiku hana njia rahisi ya kujua kama kibali cha mbali bado ni halali. Kama dereva ametoka jimbo lisilodai kibali, hakuna hata karatasi ya kukagua.

Mfano wa leseni ya udereva

Pande zote mbili hutumia mfano wa leseni ya udereva, ambayo hukubaliwa katika majimbo yote. Kwa wanaounga mkono, huo ni ushahidi kwamba utambuzi hauleti vurugu.

Mfano huo unasaidia kuelewa, lakini una pengo. Majimbo yalikubaliana yenyewe kuhusu leseni za udereva, na masharti yao yanakaribiana: kila jimbo hudai mtihani wa kuendesha. Makosa ya dereva pia hupelekwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Kwa silaha mfumo wa namna hiyo haupo, na zaidi ya nusu ya majimbo hayadai mtihani wala karatasi. Kadiri majimbo yanavyofuta ulazima wa kibali, ndivyo maneno "kutambua kibali" yanavyopoteza maana, kwa kuwa kinachotakiwa kutambuliwa ni kutokuwepo kwa kibali.

Suala hili pia hupindua misimamo ya kawaida ya vyama. Republican, ambao mara nyingi hutetea mamlaka ya majimbo, hapa wanataka serikali ya shirikisho iyaamuru majimbo. Democratic, ambao mara nyingi hutaka sheria za kitaifa, hapa wanatetea haki ya jimbo kujiamulia.

Wageni na wahamiaji

Sheria hizi zinawagusa pia watu wa Afrika Mashariki waishio Marekani. Kwa sheria ya shirikisho, mtu mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha ya moto wala risasi. Kuna vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaweza kuwa na silaha.

Hata hivyo kosa dogo mpakani humgharimu zaidi kuliko raia. Hukumu ya jinai inayohusu silaha ya moto inaweza kuwa sababu ya mtu asiye raia kurudishwa kwao. Raia aliyevuka mpaka na bastola bila kujua sheria anaweza kutoka gerezani akaanza upya. Mkazi wa kudumu anaweza kupoteza ukazi wenyewe, hata kama ameishi huko miaka mingi na familia yake.

Hali ya sasa

Januari 2025 Hudson aliurudisha muswada wake, na Machi mwaka huohuo ulipitishwa na kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi. Rais Donald Trump ameuunga mkono. Kikwazo kikubwa kinabaki Seneti na kanuni yake ya kura 60.

Mahakama nazo zinaendelea. Machi 2025 mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts iliamua kesi mbili za wakazi wa New Hampshire, jimbo jirani lisilodai kibali tangu 2017. Ilisema kwamba sheria ya zamani, iliyowapa maofisa hiari ya kumnyima mgeni kibali, ilivunja Katiba. Lakini kumdai mgeni aombe kibali kwa masharti yaliyo wazi, kama anavyodaiwa mkazi, kunaruhusiwa.

Uamuzi huo unaonyesha njia ya kati ambayo hutajwa kwa nadra bungeni: jimbo libaki na masharti yake, lakini mlango wa kuyatimiza uwe wazi kwa mgeni kama ulivyo kwa mwenyeji. Njia hiyo haiwaridhishi wanaotaka kusafiri bila kuomba chochote, wala wasiotaka wageni wenye silaha. Na mpaka Bunge au Mahakama ya Juu iseme vingine, anayevuka mpaka wa jimbo na bastola hufuata sheria ya upande alikofika, hata kama hakuijua.