Tusiwalaumu Wanaokufa

Tumechoka kusikia, hata nje ya kanisa baada ya Misa, kwamba kijana wa bodaboda "amejitakia". Asemaye hivyo mara nyingi ameegemea gari lake. Gari lina bodi ya chuma na mkanda. Likigongwa, chuma hujikunja kwanza. Pikipiki haina cha kukunjika ila mwili wa mtu. Nchini Marekani, ambako wengi huendesha pikipiki kwa kupenda tu, takwimu za serikali za mwaka 2021 zilionyesha kuwa kwa umbali ule ule mpanda pikipiki hufa karibu mara 24 zaidi ya aliye ndani ya gari.

Tanzania iliruhusu pikipiki kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Vijana walipata kazi, wajawazito vijijini wakapata usafiri, hatulikani hilo. Lakini nani anayevuna bila kuhatarisha mfupa wake? Ni mwenye pikipiki, adaiye hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana akipungukiwa, hunyang'anywa chombo. Ndiyo maana hukimbia usiku na kupakia mishikaki. (Wenye pikipiki hao tunawafahamu, wengine hutusomea masomo ya Jumapili.)

Kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa takriban asilimia 42. Hata hivyo hununuliwa moja, ya dereva, na abiria huenda kichwa wazi. Tunawataka wamiliki walio katika jumuiya zetu wanunue mbili kwa kila pikipiki, na wasidai hesabu ya siku ambazo kijana amelazwa hospitalini.