Kujiamini Hakufundishwi Ukumbini

Nimechoka kusikia kwamba vijana wa Nyeri hawajiamini. Kila semina ya ajira huishia hapo: simama wima, mtazame mwajiri machoni, jiambie unaweza.

Hapa Skuta, mjini Nyeri, namjua fundi mmoja wa mawe. Tajiri akimuuliza bei, hangoji swali liishe. Anataja yake, anavuta kamba, anaendelea na ukuta. Siku moja nilimsaidia kujaza fomu ya kazi ya ukarabati katika taasisi moja. Tulipofika penye vyeti, kalamu ikasimama. "Hapa sina kitu," akasema polepole, yeye ambaye amejenga miaka kumi na mmoja. Semina gani ingemtibu?

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika andiko lake la mwaka 1977, aliweka mafanikio ya mtu mwenyewe mbele ya maneno ya kumtia moyo kama chanzo cha kujiamini. Sisi tumepindua: maneno tunayamwaga, mafanikio ya mjengoni hatuyahesabu kwa kuwa hayana karatasi. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, upo, Gredi III hadi I, na mwenye uzoefu huufanya hata kama hakupitia chuoni. Lakini makandarasi wanaomtegemea fundi mwaka baada ya mwaka hawamwandikii hata barua ya mistari mitatu: alijenga nini, wapi, kwa muda gani. Barua hiyo naidai kwa ajili ya kila kibarua aliyemaliza jengo, pamoja na ujira wake, na nitaidai katika kila toleo hadi niipate.

Katika toleo hili, makala ya Marienthal isomwe taratibu. Kiwanda cha nguo cha kijiji hicho cha Austria kilipofungwa, watafiti waliona wanaume wakipunguza mwendo barabarani, na vitabu vya maktaba vikipungukiwa na waazimaji ingawa ada ilikuwa imeondolewa na muda walikuwa nao tele. Waliobaki Nanyuki baada ya kiwanda cha nguo cha Mountex kufungwa watakijua kijiji hicho.

Mwandishi wetu wa Karatina anasema kinachompa mtu moyo ni kuwa na ndugu ndani ya ofisi. Ni kweli, na ndiyo sababu asiye na ndugu anahitaji barua. Makala ya wasifukazi ina vielelezo vizuri.

Tumeanza na simulizi za mafundi wenyewe. Ndizo ndefu kuliko zote, na sikuzipunguza.