Wamarekani wanalala kwetu, watoto wa Ngara lini?

Hapa Niboye, wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, kijana wa Kimarekani akipita na begi mgongoni hakuna anayegeuka kumtazama. Mpango wa mwanafunzi kuishi na familia ya watu ni wa siku nyingi. Donald Watt, Mmarekani, aliuanzishia taasisi mwaka 1932, na taasisi hiyo ndiyo iliyozaa School for International Training ya Vermont, ambayo kwa miaka imekuwa ikileta wanafunzi Kigali. Wapo na wengine. Familia inalipwa hela ya chakula na chumba, nasi tunaipokea bila haya.

Msichana aliyekaa kwangu alitanguliwa na karatasi ya maelekezo: maji yachemshwe, neti isiwe na tundu, mlango wa chumba uwe na kitasa. Haikupita wiki akawa amesimama kinuni na mama mkwe wangu, anatwanga isombe, kile kisamvu cha Watanzania, mpaka kiganja kikafanya lengelenge na bibi akamnyang'anya mchi. Jioni akawa anamfundisha binti yangu kuoka keki ya ndizi kwenye sufuria juu ya makaa. Tulimpenda. Hata hivyo, wanaopelekewa wageni ni walewale wenye choo cha ndani na intaneti. Jirani yangu mwenye nyumba ya vyumba viwili, mcheshi kunishinda, hajawahi kuulizwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Binti yangu yuko sekondari. Anajua theluji ya Vermont huanza mwezi gani, ila Ngara ya Tanzania, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka kituo cha Nyabugogo na kuvuka daraja la mpakani la Rusumo, hajakanyaga. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Anakisoma, ngeli anazipanga vizuri, lakini hajawahi kubishana nacho na mtu wa rika lake. Mimi nilikipata Karagwe, hukohuko Tanzania, utotoni, ukimbizini, kwa kutumwa dukani na mama wa rafiki yangu na kukaripiwa chenji ikipungua. Hakuna kitabu kinachofanya kazi hiyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda iliingia mwaka 2007, ina shindano la insha kwa wanafunzi wa sekondari. Sawa. Lakini tunawapa zawadi watoto kwa kuusifu ujirani, na wengi wao hawajawahi kula nyumbani kwa jirani huyo.

Nataka watoto wetu na wa Ngara nao wakalale majumbani mwa wenzao. Wataniuliza hela zitoke wapi. Mimi nasema tubadilishane: wako ale kwangu, wangu ale kwako, hakuna anayemlipa mwenzake. Nauli ya basi wazazi wengi wa hapa wanaimudu. Shule zijuane, mwalimu mmoja asafiri na watoto, na kila nyumba itembelewe kabla mtoto hajalala humo. Hapo sitaki mzaha, maana mtoto wa watu ni amana. Karatasi ndizo zenye usumbufu zaidi. Kwenda Uganda na Kenya, tangu 2014, Mnyarwanda anavuka kwa kitambulisho. Tanzania inataka hati ya kusafiria. Halafu kalenda: sisi tunaanza mwaka wa masomo Septemba, wao Januari. Likizo ndefu hazikutani vizuri, ila mwishoni mwa Desemba watoto wa pande zote mbili wako nyumbani. Wiki mbili zinatosha kuanzia.

Wizara zisisubiriwe. Shule moja ya Kicukiro na moja ya Ngara zikikubaliana, kazi imeanza.

Kwangu chumba kipo. Mzazi wa Ngara unayesoma hapa, mwambie mwanao arudishe saa yake nyuma saa moja akivuka Rusumo, aje na sweta, na asitegemee kulala Jumamosi ya mwisho ya mwezi: saa mbili asubuhi mtaa mzima uko kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja, na majembe ninayo ya kutosha.