Mwangwi wa Moyo na Deni la Kiswahili

Wazee walinena kuwa moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Ndugu msomaji, sayansi imekwisha kuupenya msitu huo. Mwaka 1929, daktari Mjerumani Werner Forssmann alithubutu kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni. Mwaka 1953, Inge Edler na Hellmuth Hertz wa Lund, Uswidi, waliuelekezea moyo mawimbi ya sauti isiyosikika na sikio, wakayanasa yaliporejea. Leo mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto, akapakwa jeli kifuani, na moyo wake ukaonekana ukidunda kwenye kioo, bila kisu wala sindano.

Sayansi imetimiza wajibu wake. Je, lugha?

Mwaka jana mama yangu alifanyiwa kipimo hicho. Alitoka na karatasi ya Kiingereza yenye asilimia 58 na maelezo ya haraka ya Kiingereza. Jioni aliniambia, "Mwanangu, kumbe moyo umebaki nusu." Akaanza kuzungumzia mgawanyo wa shamba.

Kumbe moyo wake ulikuwa ukisukuma damu barabara! Chumba cha chini cha kushoto kikijaa mililita 120 za damu, kisha kikasukuma 70, hiyo ni takriban asilimia 58. Hakuna moyo unaomwaga damu yote. Kwa kawaida, asilimia 55 hadi 70 ni ya afya. Ikishuka chini ya 40, msukumo umedhoofika. Hizi si alama za mtihani, lakini nani alimweleza mama hivyo?

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za tiba. Dai hili halina mashiko. Kipimo hicho huitwa "eko" hospitalini, ilhali neno mwangwi tunalo tangu jadi. Napendekeza tuseme mwangwi wa moyo, na asilimia ile tuiite kiwango cha msukumo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo usiishie mlangoni mwa daktari.

Basi chama chetu na kiketi pamoja na wanafunzi wa tiba, tuandae maelezo ya ukurasa mmoja ya kumpa mgonjwa pamoja na majibu yake. Mama hakuugua moyo. Aliumizwa na nambari isiyofafanuliwa.