Ushahidi wa Ubao

Desturi ya kukata mbao za manowari kongwe na kuzifanya vikumbusho husifiwa sana na kuchunguzwa kidogo. Merikebu iliyopigana vita vikubwa inapovunjwa, sitaha na mbavu zake hupasuliwa, vipande vyake vikachongwa visanduku, viti na fremu za picha, kisha vikabandikwa bamba la shaba lenye jina la merikebu na jina la shujaa wake. Mnunuzi hurudi nyumbani akiamini kuwa amepata historia. Mimi nasema amepata nusu yake. Na shahidi asemaye nusu ya aliyoyaona hupotosha hukumu kama asemaye uongo.

Na tutazame Foudroyant, manowari ya Uingereza yenye mizinga 80, iliyoshushwa majini mwaka 1798 na kupeperusha bendera ya Nelson mwaka uliofuata. Mwaka 1892 iliuzwa, ikaangukia mikononi mwa wavunjaji wa Ujerumani. Waingereza wakalalamika kwa uchungu, hata tajiri mmoja wao, Wheatley Cobb, akaikomboa, akaitengeneza, akaionyesha kwa watu kwa kiingilio. Tarehe 16 Juni 1897 tufani iliitupa pwani ya Blackpool, ikaharibika kabisa. Mwaloni wake ukawa samani na vikumbusho, shaba yake ikawa nishani, na sifa ya Nelson ikauzwa pamoja navyo.

Walakini ndani ya merikebu hiyo hiyo alihukumiwa Francesco Caracciolo. Amiri huyu wa Napoli aliitumikia jamhuri iliyosimama baada ya mfalme Ferdinand kukimbia. Jamhuri iliposhindwa alikamatwa, akaletwa mbele ya Nelson tarehe 29 Juni 1799. Asubuhi alishitakiwa humo mbele ya maofisa wa mfalme. Jioni ya siku ile ile, kwa amri ya Nelson, akatundikwa kwenye foromali ya manowari Minerva. Aliomba auawe kwa risasi, kifo cha askari, akanyimwa. Maiti yake ikatupwa baharini. Mwenye kiti cha mwaloni wa Foudroyant na asome bamba lake, aone kama jina hilo limo. Likiwa halimo, basi mtu huyo amehukumiwa mara ya pili, na safari hii hata bila ya kusomewa mashitaka.

Najua nitakalojibiwa. Wako watakaosema kwamba bamba ni dogo, na kwamba fedha ya vikumbusho husaidia kutunza merikebu nyingine. Bamba ni dogo, kweli, lakini halikosi nafasi ya sifa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ama habari ya kutunza merikebu nyingine, siipingi, ila nataka tuitazame mpaka mwisho. Cobb huyo huyo alinunua merikebu nyingine kongwe, Trincomalee, akaifanya chuo cha vijana, akaipa jina la Foudroyant. Merikebu hiyo ilijengwa Bombay kwa msaji wa Malabar, katika karakana ya ukoo wa Wadia, ikashushwa majini mwaka 1817. Basi kwa miaka mingi kazi ya mafundi wa Kihindi ilikaa chini ya jina la merikebu iliyojengwa Plymouth, mpaka jina la asili liliporudishwa mwaka 1992. Leo inaelea Hartlepool kwa jina lake. Kilichorudishwa hapo ni neno moja tu, lakini neno hilo limewarudishia haki yao mafundi waliokwisha kufa zamani.

Kwa hiyo sisemi vikumbusho vichomwe moto, wala simlaumu mtu apendaye kugusa ubao uliobeba mambo makubwa. Nawadai wenye makumbusho, wauzaji na sisi wasomi tunaoandika maelezo: yaandikwe kamili. Itajwe nchi uliyotoka mti na mikono iliyouchonga. Atajwe aliyeshinda juu ya ubao huo na aliyehukumiwa juu yake. Bamba likiwa dogo, kiambatishwe cheti cha karatasi. Gharama yake si kitu. Mwanafunzi wa historia asiyekidai cheti hicho atakuwa amekubali kufundishwa na mfanya biashara. Ubao wenyewe haukuchagua wa kumbeba: siku ile ya Juni walisimama juu yake waamuzi na mshitakiwa pamoja.