Picha za ubongo zapinga lawama dhidi ya wagonjwa wa anoreksia

KWA muda mrefu, msichana anayekataa chakula hadi akabaki gofu la mtu amehesabiwa kuwa mkaidi au mtumwa wa urembo. Wazazi wake nao hulaumiwa kwamba walimlea vibaya. Utafiti wa picha za ubongo unatulazimu kuitafakari upya hukumu hiyo.

Maradhi yenyewe, anoreksia nevosa, si mageni. William Gull wa Uingereza na Charles Lasègue wa Ufaransa waliyaeleza kitaalamu tangu miaka ya 1870. Mgonjwa huogopa mno kunenepa, na wengi wao hujiona wanene hata wanapokonda kupindukia. Ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi: baadhi ya wagonjwa hufa kutokana na athari za njaa mwilini, wengine hujitoa uhai.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake 21 waliougua na 21 wenye afya. Walitakiwa kuchagua vyakula huku mtambo wa MRI ukipima shughuli za ubongo wao. Wagonjwa waliepuka vyakula vyenye mafuta, jambo lililotarajiwa. Lililozua fikira ni kwamba katika kuchagua, walitegemea zaidi sehemu ya ndani ya ubongo inayohusishwa na mazoea. Isitoshe, mawasiliano kati ya sehemu hiyo na ubongo wa mbele yalihusiana na kiasi cha chakula walichokula siku iliyofuata.

Wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu. Huenda kujinyima kulikoanza kwa hiari hugeuka mazoea yaliyokita mizizi, yasiyong'olewa kwa mahubiri wala makaripio.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba mgonjwa alizaliwa na ubongo mbovu. Mwaka wa 2022, watafiti wa mataifa mbalimbali, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, walilinganisha picha za wanawake 685 wenye anoreksia na za wenzao 963 wasiougua. Gamba la ubongo wa wagonjwa lilikuwa jembamba zaidi, na tofauti hiyo ilizidi mara mbili hadi nne ile inayoonekana katika maradhi mengine ya akili. Lakini kwa wale walioanza kurejesha uzito, tofauti ilikuwa ndogo.

Basi, je, ubongo ndio uliomnyima mtu chakula, au njaa ndiyo iliyoukondesha ubongo? Picha iliyopigwa wakati mgonjwa angali na njaa haiwezi kujibu peke yake. Ikumbukwe kwamba mnamo 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Wengi walikumbwa na huzuni, wakajitenga na watu, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Njaa pekee iliwabadilisha akili watu waliokuwa timamu.

Funzo ni kwamba maradhi haya yana mzunguko: kujinyima huudhuru ubongo, nao ubongo ulioathirika humfanya mgonjwa azidi kujinyima. Kila mwezi unaopotea kwa lawama huukaza mzunguko huo. Ndiyo maana kumlisha mgonjwa chini ya uangalizi wa daktari ni sehemu ya kwanza ya kuutibu ubongo wenyewe, sambamba na ushauri wa kisaikolojia.

Isitoshe, kwa vijana, tiba mojawapo iliyothibitika zaidi ni ile iliyoasisiwa katika hospitali ya Maudsley, London, ambapo wazazi hukabidhiwa jukumu la kusimamia mlo wa mtoto wao. Mzazi yule yule aliyenyoshewa kidole ndiye anayegeuka kuwa mshirika wa daktari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huzibwa kwa tiba ya mapema, wala si kwa lawama.