Nasaba ya Kiti

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza. Mimi naona sivyo kwa viti vya kale vya majumba ya matajiri wa mashamba huko Uingereza. Viti hivyo huuzwa kwa nasaba: nani alivitengeneza, vilikaa jumba gani, na hati zipi zathibitisha.

Mathalan, tutazame jina la Chippendale. Seremala huyu alizaliwa Otley, Yorkshire, mwaka 1718, akafungua karakana London. Mwaka 1754 alitoa kitabu cha michoro ya samani, na maseremala wengine wakaiga. Naye hakuwa na desturi ya kutia jina lake juu ya kazi yake. Basi viti vingi viitwavyo "Chippendale" ni vya mtindo wake tu. Jumba la Nostell lina hakika na vyake, kwa kuwa barua na hesabu zake zimehifadhiwa. Pasipo karatasi, mjuzi hukipindua kiti akatazama alama za msumeno: zikiwa zimepinda, ni dalili ya msumeno wa mviringo, yaani kazi ya karne ya 19 au baadaye.

Hayo ni mema, lakini ni nusu ya nasaba. Vingi vya viti hivyo ni vya mahogani. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka makoloni yake ya Amerika, na mahogani ya Jamaika ikamiminika London. Waliokata miti ile walikuwa hasa watumwa wa Kiafrika. Tena jumba la Harewood, ambalo Chippendale alilipamba, lilianza kujengwa mwaka 1759 na Edwin Lascelles, ambaye jamaa yake ilitajirika kwa sukari ya Barbados na biashara ya watumwa.

Labda mtu atasema, "Kiti ni kiti, ya nini kufukua makaburi?" Namjibu: ikiwa jina la tajiri aliyekikalia huongeza bei, kwa nini aliyekata mti asitajwe? Majina ya wengi wao hayakuandikwa, lakini kazi yao yajulikana.

Sisemi viti vichomwe, wala seremala anyimwe sifa yake. Nasema maelezo ya kila kiti yataje, kadiri ijulikanavyo, mambo manne: seremala, mwenye jumba, mti ulikotoka, na walioukata. Mwacha asili ni mtumwa. Na afichaye asili ya kiti huwatia wale watu utumwani mara ya pili.